Maua ya altareni yapitie kwanza kwa jirani



Leo ni Dominika ya Nne ya Kwaresima, ambayo Mama Kanisa anaiita Dominika ya Furaha. Ukienda kanisani huenda ukamwona padre amevaa kasula ya rangi ya waridi badala ya zambarau. Tena huenda ukaona jambo ambalo hukulitazamia: maua altareni. Katika Kwaresima altare haipambwi kwa maua. Leo kanuni hiyo inalegezwa, kama msafiri anavyopewa maji ya kunywa katikati ya safari. Kesho maua yatasubiri tena, na isipokuwa siku chache za sherehe na sikukuu, yatasubiri hadi Pasaka.

Napenda tutafakari pamoja juu ya maua hayo. Yanatoka wapi? Na kabla hayajafika altareni, yanapaswa kupita wapi?

Neno Kwaresima linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya "ya arobaini". Ni siku arobaini za kufunga, kusali na kutoa sadaka. Lakini Waingereza hukiita kipindi hiki Lent, na jina hilo katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya majira ya kuchipua, yale yanayofuata baridi kali huko Ulaya, wakati theluji inayeyuka na miti iliyokuwa mitupu inavaa majani. Nilipojifunza hayo seminarini niliona hayanihusu. Mimi ni mtoto wa Kilimanjaro. Theluji naijua ile ya Kibo tu, na migomba ya kwetu haipukutishi majani kwa baridi.

Nilikosea. Nasi tunayo majira ya kuchipua. Kwaresima mara nyingi hutukuta katika jua kali la Februari, vumbi likiwa limetanda hadi juu ya majani ya migomba, na hutufikisha Pasaka masika ikiwa imeshika. Tunaanza na majivu, tunamaliza na matope.

Mtazame mbuni. Mibuni mingi ya kwetu huchanua kwa mvua za vuli, lakini kila mwaka yapo matawi yaliyochelewa, yanayosubiri mvua za Machi. Chipukizi la ua la kahawa hukua kiasi, kisha hulala. Halifunguki mpaka lipitie ukavu, halafu lipate mvua. Mbuni usioonja kiu hutoa maua machache machache, bila mpangilio. Lakini mbuni uliovumilia kiangazi, siku kama kumi hivi baada ya mvua nzuri ya kwanza, unaamka asubuhi na kuukuta mweupe wote, unanukia kama asumini. Maua hayo hudumu siku mbili tatu, kisha hunyauka na kuacha punje changa. Ukavu haukuwa adhabu. Ulikuwa maandalizi. Anayeilalamikia Kwaresima aende akaulize mbuni.

Mama yangu anaishi katika kihamba alichoachiwa na marehemu baba. Mbele ya nyumba kuna mawaridi, na kando ya mfereji kuna yungiyungi. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, chini ya migomba huchomoza ua jekundu la mviringo, kubwa kama mpira wa watoto, ambalo hakuna mtu aliyelipanda. Chozi, ndege wadogo wanaong'aa kama hariri, hurukaruka kutoka ua hadi ua wakinyonya utamu wake. Usiku vyura hawamwachi mtu alale. Kinyonga hupita taratibu juu ya ua wa masale, na watoto wa jirani hukimbia wakipiga kelele. Na katikati ya hayo yote yupo paka.

Usishangae padre kuandika juu ya paka. Hata Biblia inamtaja, japo mara moja tu, katika kitabu cha Baruku sura ya 6, pale paka anapokaa juu ya vichwa vya sanamu za miungu ya uongo bila hofu yoyote. Na yupo Mtakatifu Gertrude wa Nivelles, abesi aliyefariki mwaka 659 katika nchi iitwayo leo Ubelgiji. Sikukuu yake ni tarehe 17 Machi, na wakulima wa pande hizo waliihesabu kuwa siku ya kuanza kazi za bustani. Walimwomba pia awakinge na panya. Siku hizi wapo wanaomwita msimamizi wa paka, ingawa Kanisa halijamtangaza hivyo rasmi. Watu wameona wenyewe kwamba anayefukuza panya hawezi kukosa urafiki na paka.

Sasa nikusimulie kisa. Wahusika wote wawili wameniruhusu nikiandike, na hakuna neno hata moja nililolisikia katika kitubio.

Mama alikuwa na paka jike wa rangi ya majivu. Alimwita Askari, kwa sababu alilinda mahindi yaliyohifadhiwa darini. Ng'ambo ya ua wa masale anaishi mwanamke mwingine aliyeolewa katika ukoo wetu, mjane kama mama yangu, ambaye mimi namwita Mama Mdogo. Walilima pamoja, walizika pamoja, walikopeshana chumvi na moto. Katikati ya ua kulikuwa na kijia chembamba ambacho miguu yao miwili ilikitengeneza kwa miaka zaidi ya thelathini.

Siku moja Mama Mdogo alikuja amefura. Kuku wake alikuwa ameangua vifaranga tisa, na sasa walibaki watatu. "Paka wako amenimalizia vifaranga." Mama akamjibu, "Ulimwona? Mwewe wamejaa huku, wewe unamwona paka wangu tu?" Maneno yakazaa maneno. Wiki chache baadaye mama alimkuta Askari amekufa chini ya mgomba, povu mdomoni, ameacha watoto wawili ambao ndio kwanza wamefungua macho. Mama hakuhitaji kuuliza. Tangu siku hiyo hawakusemezana tena.

Miaka miwili ikapita. Katika jumuiya ndogo ndogo mmoja aliketi mlangoni, mwingine dirishani. Kanisani, padre aliposema watakiane amani, kila mmoja aligeukia upande mwingine. Na mimi, msomaji wangu, nilikuja nyumbani likizo, nikala ndizi, nikabariki nyumba, nikaondoka. Kile kijia kilikuwa kimeshafungwa na majani, nami sikukiona. Mtu aliyehubiri upatanisho parokia nzima hakuona kwamba mlango wa nyumbani kwao umeota kichaka.

Ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya Dominika kama ya leo. Paroko alikuwa ameniomba niadhimishe Misa katika kigango chetu. Jioni nikatembea bustanini, nikayaona mawaridi yamejaa umande na yungiyungi zimesimama. Nikamwambia mama, "Kesho maua yanaruhusiwa altareni. Mbona siku hizi hupeleki? Zamani altare ya kigango ilikuwa yako."

"Siwezi," akasema.

"Ni miguu?"

"Si miguu. Wewe si ndiye uliyesoma? Yesu hakusema kwamba ukiwa unaleta sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza ukapatane naye? Basi mimi nimeiacha."

Nilinyamaza. Maneno hayo yako katika Injili ya Mathayo, sura ya 5. Nilikuwa nimeyasoma kwa Kiswahili, kwa Kilatini na kwa Kigiriki kidogo nilichofundishwa. Nilikuwa nimeyafanyia mtihani. Mama yangu, aliyeishia darasa la nne, alikuwa ameyatii kwa miaka miwili bila kumwambia mtu. Kila masika alitazama maua yake yakinyauka mtini, kwa kuwa hakutaka kumpa Mungu ua kutoka katika mkono ambao haukuwa na amani.

Hatimaye nikamwambia, "Mama, umetii nusu. Sadaka umeiacha. Kwenda bado."

Akacheka kidogo. "Nusu ya pili ni nzito, Padre."

Ni kweli, ni nzito. Wengi wetu tunaishi katika nusu ya kwanza. Tumeacha kukomunika, tumeacha kwenda jumuiya, tumeacha kuimba kwaya, kwa sababu kuna mtu. Tunadhani kujitenga ni unyenyekevu. Lakini Yesu hakusema uiache sadaka ukakae nyumbani. Alisema uende.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa msomaji asiye wa kwetu. Sale ni mmea wa majani marefu ambao Wachaga huupanda kuzunguka kihamba. Ndio alama ya mpaka: hapa ni kwangu, pale ni kwako. Lakini jani la sale ndilo pia tunaloombea msamaha. Mtu aliyemkosea mwenzake hulichukua, au hulipeleka kwa mkono wa mtu anayeheshimiwa, na si rahisi mwenzake kulikataa. Wazee wetu, kabla hata wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu hawajafika Kilema mwaka 1890, walikuwa wamejua jambo kubwa: mmea uleule unaotutenga ndio unaotupatanisha. Dawa ya ugomvi wa mpakani inaota mpakani.

Mama alikata jani mwenyewe. Akanipa nilipeleke. Nikamwambia, "Nitalibeba, lakini twende wote." Kijia hakikupitika. Ilinibidi nichukue panga, nikiwa na kanzu yangu, nikate njia ambayo utotoni nilipita nikikimbia.

Mama Mdogo alikuwa barazani akichambua maharage. Alipoliona jani alisimama.

"Padre, hilo jani ni la nani?"

Kabla sijafungua mdomo mama akajibu. "Ni la kwangu. Askari alikula vifaranga vyako. Nilimwona asubuhi ile ana manyoya mdomoni. Nikakudanganya."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya bati. Mama Mdogo alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Na mimi niliweka sumu. Niliwaambia watu ni ya panya. Nilijua paka atapita pale."

Hawakukumbatiana. Wazee wa kwetu hawana mazoea hayo. Mama Mdogo alilipokea jani kwa mikono miwili, akaliweka juu ya meza, akatukaribisha chai. Ilikuwa Kwaresima, kwa hiyo mbege ikasubiri Pasaka. Tukiwa tunakunywa akasema kwamba tangu Askari afe, panya wamekuwa wenyeji katika nyumba yake na mahindi hayafiki Krismasi. Mama akatazama kikombe chake. "Wale watoto wake wamekua," akasema. "Mmoja ni jike. Lakini kwanza nikuletee tenga la kufunikia vifaranga."

Kesho yake altareni kulikuwa na kopo moja la maua. Mawaridi yalitoka kwa mama, yungiyungi zilitoka ng'ambo. Nilipoinua hostia takatifu niliyaona, na nakiri kwamba sauti ilinikwama.

Mpenzi msomaji, masomo ya Dominika ya leo, katika Mwaka C wa Liturujia, yanaweka mwanga juu ya kisa hiki. Somo la kwanza, kutoka kitabu cha Yoshua, linasema kwamba Waisraeli walipofika Gilgali waliadhimisha Pasaka, wakala mazao ya nchi, na mana ikakoma. Tunaweza kudhani kwamba hilo lilikuwa jambo la furaha tupu. Lakini fikiri vizuri. Mana iliokotwa asubuhi. Hakuna aliyegombania mpaka wa mana, wala paka wa jirani hakuweza kuiharibu. Kuanzia siku ile Waisraeli walikuwa na mashamba, na mwenye shamba ana mpaka, na mwenye mpaka ana jirani. Mungu anapotupa ardhi anatupa pia kazi ya kuishi na watu waliopakana nayo. Zawadi hizo mbili hazitenganishwi.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, anafundisha kwamba maisha ya mwanadamu yamejengwa juu ya mahusiano matatu: na Mungu, na jirani, na ardhi, na kwamba dhambi imeyajeruhi yote matatu. Katika kihamba chetu niliyaona kwa macho. Wajane wawili waliacha kusemezana: jirani. Maua yaliacha kwenda kanisani: Mungu. Na ardhi? Sumu iliwekwa chini ya migomba. Sumu haisomi jina la mtu. Panya aliyekula sumu huliwa na bundi, huliwa na paka mwingine, na kifo kinasafiri bustanini bila kubisha hodi. Chuki ya watu wawili hailipwi na watu wawili tu. Wanyama wanailipa, na watoto pia.

Injili ya leo, Luka sura ya 15, ni ile ya baba mwenye wana wawili. Tumezoea kumtazama mwana mdogo. Leo tazama miguu ya baba. Alitoka nje mara mbili. Mara ya kwanza alitoka mbio kumlaki yule aliyepotea mbali. Mara ya pili aliiacha karamu, akatoka kumsihi yule aliyepotea uani kwake mwenyewe, mwana mkubwa, aliyekuwa na hoja zote na haki zote, ila hakuwa na furaha. Mama yangu na Mama Mdogo kila mmoja alikuwa na hoja. Mmoja alikuwa na vifaranga waliokufa, mwingine alikuwa na paka aliyekufa. Ugomvi wetu mwingi uko hivyo. Mwenye haki yote hayupo, na asiye na haki hata kidogo hayupo. Anayehitajika ni mtu wa kutoka nje kwanza. Mtume Paulo, katika somo la pili, anasema kwamba Mungu ametukabidhi sisi huduma hiyo ya upatanisho. Hakuwakabidhi mapadre peke yao.

Pengine wewe unasoma haya mjini, huna bustani wala paka. Lakini "vifaranga" wako unawajua. Ni maji machafu yaliyoelekezwa mlangoni kwa mwenzako, muziki wa usiku, ukuta uliosogea hatua moja, mwembe uliopandwa mpakani, au neno lililoandikwa kwa hasira katika kundi la familia kwenye simu. Mwanzo wake ni mdogo hata unaona aibu kumsimulia mtu. Mwisho wake ni watu kutozikana.

Nikupe mambo matatu ya kufanya. La kwanza, mtaje paka wako. Mama hakusema, "Kama nilikukosea, nisamehe." Alisema, "Nilimwona, nikakudanganya." Neno "kama" limeua misamaha mingi. La pili, nenda mwenyewe. Mjumbe ni mzuri, na ujumbe wa simu ni bora kuliko kimya, lakini kuna kichaka ambacho hukatwa kwa mkono wa mwenye njia. La tatu, fidia kile kinachofidika. Tenga la vifaranga ni toba inayoshikika. Zakayo alilijua hilo.

Naongeza tahadhari moja. Wapo watu waliopigwa, waliodhulumiwa vikubwa, ambao mkosaji wao bado anashika fimbo. Kusamehe si kurudi mahali pa kupigwa. Mtu huyo ajilinde kwanza, atafute msaada, na amwachie Mungu muda. Tena jani lako linaweza kukataliwa. Likikataliwa, umeshatii nusu zote mbili. Liweke mlangoni, endelea kusali.

Wengi wetu hatuko huko. Tuko mahali ambapo mvua ya Baba wa mbinguni inanyesha pande zote mbili za ua, kwa wema na kwa wabaya, na maua yanachanua pande zote mbili, nasi tumesimama katikati tumenuna. Zimebaki wiki tatu Pasaka ifike. Zinatosha kukata kijia.

Nilipokwenda nyumbani hivi karibuni, kijia kile kilikuwa wazi, chepesi, kimekanyagwa vizuri. Nikamwuliza mama kama bado kinamsumbua. Akanijibu kwamba sale halijui kwamba mlipatana. Kila masika linaota na kufunga njia, na kila masika mmoja wao hulikata. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Mama Mdogo.

Nakutakia Dominika njema ya Furaha.